Afike Mwenyewe

Bi Kazija alikuja mara ya tatu siku ya Jumatatu, na Mwalimu Khatib alimuona tangu yuko getini. Hakuna mwengine aliyekuwa akiingia chuoni kwa mwendo ule wa taratibu, mkoba wa ukili kwapani, akimsalimia kila anayepishana naye mpaka mkata majani. Khatib akajifanya anatafuta kitu kwenye mtoto wa meza. Astaghfirullah! Mtu mzima na ndevu zake, msajili wa chuo kizima cha ualimu, anamkimbia mama wa watu kwa kuinamia mtoto wa meza!

"Asalaam alaykum, mwalimu."

"Waalaykum salaam, Bi Kazija. Hujambo? Habari za Makoongwe?"

"Alhamdulillahi, tupo. Za kwako? Watoto hawajambo? Kazi?"

Salamu zikaenda mpaka zikaisha, haikurukwa hata moja, kwani Pemba hata paa lako likiwa linawaka moto utaulizwa kwanza umeamkaje. Kisha Bi Kazija akaweka mkono juu ya ubao wa dirisha.

"Nimekuja kwa lile lile, mwanangu. La Suhaila."

Suhaila alikuwa mkwewe, mke wa mwanawe Jabir, na alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hapo chuoni. Jabir hayupo tena. Msimu ule wa karafuu alikwenda kuchuma mashamba ya watu, tawi likamkatikia akiwa juu, na aliyetoka nyumbani asubuhi akiimba akarudishwa amefunikwa shuka. Rehema za Mungu zimfikie. Tangu siku hiyo Suhaila alikuwa ndani, kizuka, anakaa eda ya mumewe miezi minne na siku kumi. Hatoki, hatii wanja, hapaki hina, na mwanamume wa nje hamuoni.

Alichokitaka chuoni kilikuwa kitu kimoja tu. Masomo yake yaahirishwe mpaka amalize eda, kisha arudi akamilishe muhula wake wa mwisho. Si ombi geni hilo. Mgonjwa huahirishiwa na mzazi aliyejifungua huahirishiwa. Lakini kanuni ilisema kwamba anayeomba kuahirisha afike mwenyewe kwenye dirisha la usajili, aweke kidole kwenye mashine. Asiyefika mpaka Ijumaa ya wiki ile jina lake lingefutwa, na akitaka kusoma tena ataanza mwaka wa kwanza. Mwaka wa kwanza, jamani! Msichana ambaye watoto wa kisiwani kwao walikuwa wameshaanza kumwita mwalimu!

Na hiyo mashine, haki ya mtu apewe, ilikuwa kazi ya Khatib. Kabla ya mashine chuo kile kilikuwa vurugu tupu. Ndugu akimwekea saini ndugu, huyu akimfanyia mtihani yule, na mwanafunzi aliyetoka kisiwa cha Fundo akizungushwa ofisi hii na ile, njoo kesho, njoo keshokutwa, hata akalazimika kulala kwa watu mjini kwa ajili ya muhuri mmoja. Khatib akayamaliza yote. Akaweka dirisha moja, mashine moja, na mtu akifika anahudumiwa siku ile ile. Wanafunzi wakambandika jina la Mwalimu Kidole, naye akilisikia akicheka na kulipenda. Ile sentensi ya "afike mwenyewe" aliiandika kwa mkono wake, na aliipenda kuliko zote, kwa sababu ndiyo iliyoukomesha ulaghai.

"Bi Kazija," akasema, "nilishakwambia. Msiba wenu umenigusa, Mungu shahidi. Ila mashine haijui kizuka. Inataka kidole chake."

"Ntu yumo ndani, mwalimu. Na kidole chake kimo ndani naye."

Vijana waliokuwa kwenye foleni wakacheka kidogo. Bi Kazija hakucheka.

Khatib akashusha sauti. "Hata mashehe wanasema kizuka anaruhusiwa kutoka mchana akiwa na haja. Dini haina uzito huu tunaoutia sisi. Aje mara moja, aweke kidole, arudi zake. Hana dhambi."

"Najua. Na siye tulisomeshwa chuoni, mwalimu." Chuo alichokisema yeye kilikuwa cha Kurani. "Haja naikubali. Akiumwa, atakwenda hospitali. Akikosa wa kumletea unga, atatoka akautafute. Lakini huku kuja kukuonyesha weye kidole, hii haja ni ya nani? Yake, au yenu?"

Khatib akasema lile wasemalo wenye ofisi wote wakikosa la kusema.

"Nitalifikisha juu."

"Lifikishe," akasema Bi Kazija. Akaaga kwa adabu zake zote, akaondoka. Mchana ule alikuwa na gari ya Mkoani ya kuwahi, na boti ya kuvuka.

Juu maana yake ilikuwa ghorofani, kwa Bi Zulekha, mkuu wa chuo. Alimsikiliza Khatib mpaka mwisho, miwani ikiwa mkononi.

"Hiyo kanuni kaileta nani kikaoni?" akauliza.

"Mimi, mkuu."

"Na mimi si niliwauliza wote mle ndani? Nani asamehewe kufika? Mkanitajia mgonjwa aliyelazwa, mkanitajia mzazi, mkanitajia aliyetumwa safari na chuo. Nani alitaja eda?"

"Hakuna."

"Hakuna." Bi Zulekha akavaa miwani, akaivua tena. "Na mimi nimekaa eda, Khatib. Baba wa wanangu alipofariki nilikaa yote, mpaka siku ya mwisho. Na bado siku ile sikukumbuka."

Khatib naye alikuwa na lake asilolisema. Mama yake alikuwa amekaa eda ya baba yake, na ni yeye Khatib aliyekuwa akipita koridoni kwa kunyata, akipeleka karatasi za mirathi chumbani na kuzirudisha zikiwa na saini, na hakuna ofisi iliyomwambia mama aje mwenyewe. Waislamu watupu mle kikaoni, waliozaliwa na kukulia humu humu, kila mmoja amepita mlango wa kizuka kwa heshima, na hakuna aliyefungua kinywa! Kwao mwanafunzi ni mtoto mwenye mkoba mgongoni, na kizuka ni bibi wa mtu. Hawakufikiri kama wawili hao wanaweza kuwa mtu mmoja. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hawa kitanda walikilalia, na kunguni wake wakawasahau. Hilo ndilo lililomuuma.

"Kikao cha kanuni ni mwezi ujao," akasema Bi Zulekha. "Ilete tuirekebishe."

"Mwezi ujao jina lake litakuwa limeshafutwa."

"Basi tafuta njia."

"Njia gani, mkuu?"

"Wewe ndiye msajili." Simu yake ikalia, akaipokea, na Khatib akashuka ngazi bila ya ndiyo wala hapana.

Njia zilikuwapo. Tusimwonee, lakini tusimfichie pia. Angeweza kumtuma mmoja wa wanawake wa ofisini avuke mpaka Makoongwe akamuone Suhaila kwa macho yake. Aliliwaza hilo. Akamuuliza Ridha, kijana aliyekuwa akishughulikia kompyuta, kama mashine inaweza kung'olewa ikachukuliwa. Ridha akasema kung'oka itang'oka, ila huko mtandao utakuwa wa kubahatisha. Khatib akaingiwa na hofu. Akiilegeza kanuni kwa mmoja, kesho si watarudi wale wa kuwekeana saini? Si watasema Mwalimu Kidole ana watu wake? Jumanne akasema kesho nitaamua. Jumatano akasema kesho. Alikuwa mtu mwema, na wema wake wote akauweka kwenye kesho.

Ijumaa asubuhi foleni ilikuwa ndefu, maana ilikuwa siku ya mwisho na wengine nao walikuwa na yao. Khatib alikuwa ameinama anaandika, akasikia makelele ya watu yanapungua kuanzia getini, yanapungua, mpaka akasikia feni. Akainua kichwa.

Bi Kazija alikuwa anakuja kwa mwendo wake ule ule, lakini leo hakumsalimia mtu. Nyuma yake alikuwapo mwanamke aliyejifunika gubigubi, nguo nyeusi kuukuu isiyo na hata uzi wa rangi, uso hauonekani. Hakuwa na haja ya kutajwa. Wasichana waliosoma naye wakasimama walipokuwa wamekaa. Na wanaume waliokuwa kwenye foleni, bila ya kuambiwa na mtu, mmoja baada ya mwengine wakageuka wakatazama ukutani.

Khatib hakuwa na ukuta wa kuutazama. Yeye ndiye aliyemwita.

"Mimi Suhaila," sauti ikasema kutoka ndani ya nguo. "Nimefika mwenyewe."

Akatoa mkono. Hata mwaka haujapita vidole vile vilikuwa vya bibi harusi, vimepakwa hina mpaka vifundoni. Leo vilikuwa vyeupe, vimekonda. Akaweka kidole juu ya kioo cha mashine. Kile kitaa kidogo kikawaka, kikazunguka, kikazunguka, kikazunguka, kisha kikawa chekundu.

"Weka tena," akasema Khatib.

Akaweka tena. Kikawa chekundu.

Ridha akainama kwenye kompyuta, akagusa hapa na pale. Masikio yake yalikuwa yamemwiva. "Mtandao, mwalimu. Tangu asubuhi unakuja unaondoka. Sasa umeondoka kabisa."

Khatib akafungua kinywa. Laiti angekifunga! Ulimi una mazoea yake, na huu wa kwake ulikuwa na neno moja ambalo ulilisema chuoni pale miaka nenda miaka rudi kabla ya hiyo mashine, na likatoka lenyewe.

"Basi labda mu... labda urudi..."

Hakulimaliza.

"Malizia, mwalimu," akasema Bi Kazija. Hakupandisha sauti. "Arudi lini? Tukae tukijua."

Msichana mmoja kwenye foleni akaanza kulia, na mwenziwe akamshika bega. Khatib akavuta karatasi nyeupe, karatasi ya kawaida tu, akachukua kalamu. Akaandika jina la Suhaila, akaandika sababu, akaandika kwamba ombi limepokelewa na masomo yameahirishwa. Akatia saini. Akachukua muhuri, akagonga.

"Limekwisha," akasema. "Masomo yako yameahirishwa. Mtandao ukirudi nitaliingiza mwenyewe. Huna haja ya kurudi."

Suhaila hakuondoka. Alikuwa akiitazama ile karatasi.

"Kwa kalamu?" akauliza.

"Kwa kalamu."

"Kwa hivyo kalamu ilikuwa inatosha."

Khatib akaweka kalamu chini.

"Jabir sikuwapo alipoanguka, mwalimu," akasema Suhaila, polepole, si kwa hasira. "Na makaburini hatwendi sisi wanawake. Nilikuwa sina tena la kumfanyia isipokuwa hii eda. Nilitaka niikae nzima."

Akarudisha mkono ndani ya nguo. Bi Kazija akamshika kiwiko, wakaondoka pamoja, na wanaume hawakugeuka mpaka walipopita geti. Kisha foleni ikasogea mbele, kwa sababu foleni lazima isogee, na aliyefuata akasema shida yake kwa sauti ya chini sana. Adhuhuri Khatib alikwenda msikitini, akasali Ijumaa, na hotuba hakuisikia.

Maji yakimwagika hayazoleki. Kikao hakikusubiri mwezi ujao. Khatib alipanda ghorofani siku ile ile ya Ijumaa, akamwambia Bi Zulekha, na Bi Zulekha akawaita wote Jumatatu. Hakuna aliyebisha. Wakaandika kwamba mwanafunzi aliye katika eda asifike, chuo ndicho kimfuate alipo, na aende mwanamke wa ofisi. Wakaandika kwamba mashine ikigoma, kalamu itoshe. Wakaandika kwamba atarudi masomoni asubuhi inayofuata baada ya eda yake kumalizika, na nafasi yake itunzwe mpaka siku hiyo. Walipotoka mmoja wao akampa Khatib mkono wa pongezi. Khatib akaupokea kwa sababu ni adabu, lakini moyo wake ulikuwa mzito. Anapongezwa kwa lipi? Kwa kuziba shimo ambalo mtu ameshatumbukia?

Barua ya kumjulisha Suhaila akaona haitatumwa kwa mtu. Akavuka nayo mwenyewe.

Kwenye boti mama mmoja mwenye ndoo ya vitumbua alimtazama sana, kisha akamuuliza, "Samahani, baba. Weye ndiye wa kidole?" Khatib akasema ndiye. Mama yule akageuza uso, na mpaka wanafika hakumwambia tena neno. Kisiwa kidogo kile, habari hazina pa kujificha.

Bi Kazija alikuwa barazani anachambua mchele. Akaipokea salamu, akairudisha yote, akauliza watoto, akauliza kazi. Akamwonyesha mkeka akae. Maji hakumletea, na kwa nyumba ya Kipemba mgeni wa mbali kukaa bila ya maji ni neno zito kuliko tusi. Khatib akalielewa. Akamwomba Suhaila asogee karibu na mlango asikie, na baada ya muda pazia likatikisika kidogo, akajua yupo.

Akasoma barua yote. Akasoma na zile kanuni mpya, moja baada ya nyingine. Akamaliza kwa kusema, "Kwa hivyo, mwanangu, eda yako inamalizika Jumapili. Jumatatu asubuhi nafasi yako itakuwa wazi, na mimi mwenyewe nitakuwa dirishani."



"Ahsante, mwalimu," akasema Suhaila. "Lakini Jumatatu sitafika."

Khatib akamtazama Bi Kazija. Bi Kazija akaendelea na mchele wake.

"Shehe alikuja hapa," Suhaila akaendelea. "Kaniambia eda yangu haikuvunjika. Ilikuwa dharura, Mungu anajua, nisijitie tabu. Nimemsikia, na namshukuru. Ila ile Ijumaa niliyotoka, mimi nimeazimia kuikaa upya mwishoni. Jumatatu nitakuwa ndani. Si lazima, najua si lazima. Lakini siku ile ilikuwa ya Jabir, na mimi nilikuja kuitumia dirishani kwenu."

Barua ilisema Jumatatu. Kikao kizima kilikuwa kimekubali Jumatatu. Yule Khatib wa zamani angeanza kueleza kwamba kanuni, bahati mbaya, ndiyo kanuni, na kwamba akiruhusiwa mmoja watakuja wote. Khatib huyu aliukunja uso, na machozi yakamlenga, na hakujali kwamba Bi Kazija anamuona.

"Njoo siku utakayokuja, mwanangu," akasema. "Chuo kitakungoja."

"Hilo umeliandika, mwalimu," sauti ikauliza, taratibu kabisa, "au umelisema tu?"

Bi Kazija akauacha mchele.

Khatib akatoa kalamu mfukoni. Akaiweka karatasi ya kanuni juu ya goti, akakata ile sentensi ya asubuhi inayofuata, na chini yake akaandika nyingine. Iliposhakuwa tayari akaisoma kwa sauti, kuelekea pazia. "Aliye katika eda hatapangiwa na chuo siku ya kurudi. Atarudi siku atakayosema mwenyewe kwamba amemaliza." Akatia saini na tarehe.

"Soma tena," akasema Bi Kazija.

Akasoma tena.

"Na wakubwa wenzako wakilikataa?" akauliza Suhaila. "Nitalijuaje, nami nimo ndani?"

"Wakilikataa," akasema Khatib, "nitafika mwenyewe kukwambia."

Pazia likatulia. Bi Kazija akasimama, akakung'uta kanga yake, akaingia ndani kumletea maji.